Shikamoo ya Kilometa ya Saba

Ofisini kwetu aliyekosa kikao ndiye huchaguliwa. Siku hiyo nilikuwa nimempeleka mtoto kung'oa jino. Niliporudi nikakuta jina langu ubaoni, chini ya maneno WAWAKILISHI WETU, na mbele yake pameandikwa 21. Nikadhani ni elfu ishirini na moja za mchango wa harusi. Nikauliza harusi ya nani.

Nikaambiwa si harusi, ni kilometa.

Wa kulaumiwa ni Alphonce Simbu. Septemba 2025 kule Tokyo alimpiku Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wa mwisho wa marathoni kwa tofauti ya sehemu tatu za mia moja za sekunde, akailetea nchi dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Tangu siku hiyo kila bosi anaamini kwamba chini ya kila meza ya ofisi kuna Simbu aliyejificha. Chini ya meza yangu kuna miguu ya mtu wa miaka 49 ambaye mara ya mwisho kukimbia alikuwa anafukuzwa na nyuki.

Nilifanya mazoezi siku nne. Mwezi wa saba hapa Sumbawanga, saa kumi na moja alfajiri, upepo unaoshuka kutoka milima ya Mbizi hauvumi, unapekua. Unaingia kwenye koti, unakagua kifuko kimoja kimoja, unatokea mgongoni. Lakini baridi si kitu ukilinganisha na majirani. Kwetu Ufipa mtu mzima hakimbii hivi hivi. Akikimbia ujue kuna msiba, kuna moto, ng'ombe kaingia shambani, au kuna mwizi. Asubuhi ya kwanza milango mitatu ilifunguka, na sauti tatu zikauliza kwa pamoja, "Nani kafa?" Asubuhi ya pili jirani yangu, fundi baiskeli, alinifuata mbio na panga mkononi, kwa nia njema kabisa, akidhani kuna mtu namfukuza. Tukakimbia wote kama mita mia mbili kabla sijapata pumzi ya kumweleza. Huyo angefaa kutuwakilisha. Hakutweta hata kidogo.

Siku ya kuchukua fulana nilikuta zimebaki za vijana wembamba tu. Nilivaa hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba tumboni palichapwa majina ya wafadhili, na kwenye tumbo langu herufi zilitanuka mpaka mfadhili mmoja mdogo, aliyechangia maji nadhani, akaonekana ndiye mwenye mbio zote.

Tuliambiwa tufike Uwanja wa Nelson Mandela saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa mbili kasoro. Katikati ya saa hizo mbili tulichezeshwa zumba ili tusigande, na mimi, kwa kuwa nilisimama mstari wa mbele bila kujua ulikuwa mstari wa nini, nikawa mfano. Nikirusha mkono, watu mia wanarusha mkono. Filimbi ya kuanza ilipopulizwa nilikuwa nimeshamaliza mbio zangu za mwaka mzima, na bado sijaondoka uwanjani.

Hapa niseme neno kuhusu wageni. Walikuja na mabasi kutoka Dar es Salaam, vikundi vya jogging, vijana wenye viatu vya rangi za pipi na saa zinazosoma mapigo ya moyo. Wamekuja wakiogopa vitu viwili: radi na sisi. Mmoja aliniuliza kwa adabu sana kama ni kweli huku mtu anaweza kutumiwa radi mchana kweupe, bila wingu. Nikamweleza kwamba jina lenyewe la mji linawataka watu wautupe uchawi: sumba, tupa, wanga, uchawi. Akasema, "Sasa si ndiyo maana yake upo, mzee? Mtu hakatazwi asichokuwa nacho." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Kumbe walichopaswa kuogopa ni hewa. Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya bahari, na mtu aliyelala Kinondoni juzi akiamkia huku, kila pumzi anayovuta inakuja pungufu kama kwa sehemu moja ya tano. Ni kama kununua debe la mahindi kwa mchuuzi mwenye debe lililobonyezwa: unalipa bei ile ile, unabeba kidogo. Kufika kilometa ya tatu, kwenye lami ya kwenda Matai, wale vijana wa viatu vya pipi walikuwa wameinama kando ya barabara wakizitazama saa zao kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

Mimi niliyezaliwa humu humu nilitegemea kifua changu kingenisaidia. Mababu zetu waliyeyusha chuma kwa matanuru marefu ya udongo, malungu, yaliyosimama kumpita mtu kimo na kujivutia hewa yenyewe, pasipo mtu wa kuvuta mivukuto. Baadaye chuma kilihamishiwa kwenye kitanuru kidogo, kintengwe, ambacho bila mivukuto hakiwaki. Nilipofika mlima wa kwanza nikatambua kwamba katika ukoo wetu mimi nimerithi kintengwe.

Hata hivyo kuna muda nilifaidi. Nina mvi, tena nyingi, na mvi katika mji wenye jina kama la kwetu zina uzito wake. Nikasikia nyuma yangu vijana wawili wa Dar wakinong'onezana.

"Mpite basi."

"Mpite wewe."

"Mzee wa huku huyo. Ukimpita je, akikasirika?"

Kwa kilometa nzima hawakunipita. Wakaja wengine watatu, wakakuta foleni, wakaheshimu foleni. Nikawa naongoza msafara kama bibi harusi. Nikikohoa, wote wanapunguza mwendo. Sikuwatoa wasiwasi, nisingeweza hata kama ningetaka, sikuwa na pumzi ya kuongea. Ilikuwa raha yangu pekee siku ile, na ikaharibiwa na mama mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi. Alitupita wote sita kwenye kilima, akanigeukia na kusema, "Pole, baba." Vijana wakaona mama hakugeuka nyani, wakanipita kwa mkupuo.

Basi, tukafika kilometa ya saba.

Kwenye kilometa ya saba kuna nyumba, mbele ya nyumba kuna mkaratusi, na chini ya mkaratusi kulikuwa na mzee amekaa kwenye kigoda. Msomaji wa mbali hataelewa shida iliyonipata. Kwetu salamu si neno la kutupa ukiwa njiani, ni kazi ya viungo. Unachutama, unapiga makofi taratibu kwa viganja, unauliza ya nyumbani, unaulizwa ya nyumbani, mnapeana habari za mvua na mashamba, ndipo mnaachana. Mtu kumpita mzee akikimbia bila salamu, hata akiwa amebandikwa namba kifuani, ni mtu aliyekosa mama wa kumlea. Nami mama yangu yupo hai na ana simu.

Nikajaribu kusalimu bila kusimama. "Shi," nikasema. Pumzi ikakata. "Ka." Mzee akasubiri. Nilipokwisha kumaliza "moo" nilikuwa nimesimama tayari, sasa nifanye nini? Nikachutama.

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini huko mjini?"

"Hakuna kitu, mzee. Tunakimbia tu."

"Mnakimbia nini?"

"Kilometa ishirini na moja."

"Halafu?"

"Tunageukia kule mbele. Halafu tunarudi."

Akanitazama kwa muda. "Kuna kitu mmesahau mjini?"

Nikamweleza habari ya afya. Akauliza mimi mtoto wa nani. Nikamtaja baba. Kosa! Walilima pamoja, waliwahi kwenda pamoja Kasanga kwa miguu kufuata samaki, na safari ile ilikuwa ndefu, na aliisimulia kwa urefu wake. Wakati huo gari la wagonjwa, ambalo tangu kilometa ya tano lilikuwa linaninyatia kama fisi aliyemwona ndama anachechemea, likasimama. Dereva akashuka, akachutama naye, akapiga makofi. Kumbe na yeye ni wa huku huku.

Kuchutama nilichutama vizuri. Kuinuka ndiko kulikohitaji mazungumzo. Magoti yalikuwa yameshakubaliana na ardhi. Dereva alinishika kwapa moja, mzee kwapa la pili, mzee mwenye miaka themanini na ushei, na nikasimamishwa kama nguzo ya uzio. "Kimbia, mwanangu," akaniambia. "Tutaonana ukirudi."

Sikulitilia maanani hilo neno.

Kituo cha maji cha kugeuzia nilikuta chupa tupu nyingi sana, zimepangwa vizuri, na binti mmoja aliyeniambia maji yalikuwepo. Nikageuka. Upepo sasa ukawa usoni, ule wa uwanda usio na mti wa kuuzuia, unaosafiri juu ya mashamba yaliyovunwa kama vile nao una namba kifuani. Kila hatua mbili nilizokwenda, moja ilikuwa ya kwangu na moja nilirudishiwa. Nikajifariji kwa John Stephen Akhwari. Katika nchi hii kila anayechelewa hujifananisha na Akhwari, yule wa Mbulu aliyeanguka na kuumia Mexico mwaka 1968, akafungwa bendeji mguuni, akaingia uwanjani wa mwisho zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, huku giza limeshaingia. Mexico nako ni juu, zaidi ya mita 2,200. Lakini Akhwari alikuwa na jeraha. Mimi nilikuwa na fulana inayobana, tena saa nne ya asubuhi.

Nilipoukaribia ule mkaratusi nikaona watu. Mzee alikuwa amewakusanya. Aliwaambia mtoto wa fulani atapita tena sasa hivi, nao wakaacha kupukuchua mahindi wakaja. Walikuwa wazee tisa, na viti. Nilihesabu kwa sababu kila mmoja alikuwa na salamu yake. Kuanzia wa nne sikuchutama tena, nilikaa chini kabisa nikawa nasogea kwa makalio kutoka kigoda hadi kigoda. Bibi mmoja akasema nimekonda. Huyo nitamkumbuka kwa wema hadi siku ya kufa.

Nikaletewa togwa, nusu kibuyu. Nilikunywa yote. Ninaungama hapa kwamba yalikuwa matamu kuliko kitu chochote kilichowahi kupita kooni mwangu, na kwamba kutoka hapo hadi mjini yalikuwa yanasikika. Kila hatua, chubwi. Mtoto mmoja wa Majengo alinifuata hatua mia akisikiliza.

Nilipoliona bango la 21 nikasimama, nikanyoosha mikono juu, nikamshukuru Mungu. Kijana wa njia akasema, "Bado, mzee." Bado nini? Bado mita 97 na nusu. Baadaye nilifuatilia asili ya mita hizo. Kwenye Olimpiki ya London ya 1908 walianzishia marathoni kwenye kasri la Windsor na kuimalizia uwanjani mbele ya jukwaa la kifalme, ili wakubwa waone vizuri, ikawa kilometa 42 na mita 195, na baadaye dunia nzima ikaufanya ndio urefu halali. Sisi wa nusu tunapewa nusu ya usumbufu. Yaani mimi, mtu wa Sumbawanga, niliburuza miguu mita 97 na nusu za ziada kwa sababu ya kiti cha mtu ambaye kama angekuwepo tungekwisha kusalimiana.

Uwanjani walikuwa wanakunja mahema. Medali zimeisha. Nikapewa kofia, ikanitosha, kitu pekee cha saizi yangu siku ile.

Nilidhani yameishia hapo. Jumatano mama akapiga simu. Hakuuliza habari za miguu. Alisema amesikia kwamba kwenye kilometa ya tisa kuna nyumba ya mabati mekundu nilipita bila kusalimu, na kwenye ya kumi kuna bibi alinipungia mkono nikampungia tu, kama mwanasiasa. Akazitaja nyumba saba. Ripoti ile ilikuwa kamili kuliko matokeo yaliyobandikwa na waandaaji, ambayo hayakuwa na jina langu.

Kwa hiyo Jumapili nilichukua bodaboda, maana kushuka ngazi tu bado nilikuwa nashuka kinyumenyume, nikaenda na sukari na sabuni kuomba radhi nyumba hadi nyumba. Wa mwisho alikuwa mzee wa mkaratusi, ambaye hakunidai chochote, lakini huwezi kumpita. Akauliza nilishika nafasi ya ngapi. Nikamwambia sijui, nyuma kule. Akaitikia taratibu, kama mtu aliyelitarajia jibu hilo.

"Na yule kijana mwembamba aliyepita wa kwanza kabisa," akasema, "yule hakumsalimu mtu hata mmoja. Yeye anakuja lini?"

Nikamwambia nimesikia ametokea Mbulu, na ameshaondoka.

Mzee akafikiri. "Mbulu ni mbali," akasema. "Basi mwambie apige simu."