Kichwa Kinakuja Kulala Kwenu

Sisi tunakaa Mpemba. Ukimwambia hivyo mtu wa Dar es Salaam, atakuuliza karafuu zimekubali mwaka huu. Mpemba yetu haina karafuu wala bahari. Ni kata ya mji wa Tunduma, pale barabara ya Ileje inapochepuka kutoka barabara kuu iendayo Zambia, na kinachonukia hapa ni dizeli. Mkoa wetu ni Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ndani yake mna wilaya ya Songwe. Mto unaotutenga na Malawi ni Songwe. Uwanja wa ndege wa Songwe uko Mbeya. Kwa hiyo mgeni aliyekata tiketi ya Songwe, akapanda ndege, akashuka Songwe salama salimini, bado hajafika Songwe.

Watu wanaoishi katikati ya majina ya namna hiyo, tena baba mwenye nyumba akiwa mwalimu wa Kiswahili, ungetegemea wawe waangalifu na maneno.

Ijumaa moja, saa kumi na mbili jioni, simu yangu ililia. Ujumbe wa shemeji, kaka yake mke wangu, dereva wa malori: "Shem kichwa kinakuja kulala kwenu leo. Kiandalieni nafasi nzuri. Mi nipo kwa wakala." Nikapiga. Simu imezimwa.

Nikausoma ujumbe kwa sauti sebuleni, na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Mke wangu ni fundi nguo. Wiki mbili nyuma alikuwa amempa kaka yake kichwa cha cherehani akipeleke Mbeya kwa fundi, maana kilikuwa kinaruka mishono na sare za kwaya zinangojwa. Miguu ya cherehani ilibaki peke yake pembeni mwa sebule, tukiitundikia makoti. "Kimepona!" akasema, akaanza kuondoa makoti na kufuta vumbi.

Mama mkwe anauza supu asubuhi. Kwake kichwa ni cha ng'ombe, na mwanawe alishamwahidi kimoja. Neno "kulala" halikumsumbua hata kidogo: kichwa cha ng'ombe ni lazima kilale jikoni usiku kucha juu ya moto mdogo, la sivyo unawauzia watu mpira. Akatoka kwenda kuomba sufuria kubwa kwa jirani, na tangawizi akaipitia dukani.

Kijana wangu wa kidato cha pili, ambaye muda anaotakiwa kuwa kwenye vitabu yuko stendi, akatucheka wote. "Kichwa ni abiria. Konda akiwa amebakiza nafasi mbili si anaita vichwa viwili, vichwa viwili twende? Mjomba analeta mgeni." Sikumpinga, maana mama yake alikuwa tayari ameingia chumbani kubadilisha shuka, asije akaaibika. Kijana akajikuta amejitafutia mwenyewe kulala mkekani.

Na mimi? Shuleni kichwa ni mwanafunzi mwenye akili. "Yule binti wa 3B ni kichwa." Nikawaza mpwa wa mke wangu wa Vwawa, aliyefaulu vizuri. Lakini nikaona ujumbe unasema "kinakuja", haukusema "anakuja". Nikasimama, nikaeleza upatanisho wa kisarufi. Nikaeleza tofauti ya polisemi, neno moja lililozaa maana nyingi zenye undugu kama hizi za kichwa, na homonimu, maneno yaliyofanana sura tu bila ukoo, kama kaa la moto na kaa wa baharini. Nikagusia hata kodi ya kichwa ya enzi za mkoloni. Nikahitimisha kwamba ushahidi wa ngeli unamwelekea mke wangu na cherehani yake. Somo lilichukua kama robo saa. Katika robo saa hiyo hakuna aliyewaza kumtafuta dereva yeyote anayemjua shemeji akamuuliza.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, sufuria ikiwa kiunoni. "Haya, baba. Haya uliyasomea miaka mingapi?"

Mke wangu alijaribu. Shemeji kasema yuko kwa wakala. Akatoka hadi kwa wakala wa kutuma na kupokea pesa pale kituoni, akamkosa, akaenda kwa wa pili, wa tatu. Kumbe wakala wa dereva wa Tunduma ni wa forodha, yule anayeshughulikia karatasi za mzigo uvuke kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Shemeji mwenyewe alikuwa kwenye foleni ya huko tangu mchana, chaji imekwisha.

Saa tano usiku taa zikamulika dirishani, sebule nzima ikawa nyeupe. Honi. Nikatoka na kanzu ya kulalia. Getini pamesimama kichwa cha lori, bila tela, kirefu kupita paa letu. Dirishani akachungulia jamaa mmoja, Mkenya wa Nakuru, dereva mwenzake shemeji. "Habari ya usiku, mwalimu! Nimeleta kichwa."

Akaeleza. Tela liko gereji, springi zimekatika. Kichwa hakiwezi kulala barabarani, maana kuna watu wananyonya dizeli ukiwa umelala ndani humohumo. Kwa hiyo shemeji kaona kilale kwa dada yake, uani, penye ukuta.

Ningesema hapana. Lakini mtu kaja usiku, na mgeni ni mgeni. Nikafungua geti, nikaanza kumwelekeza kinyumenyume kwa ile sauti ambayo kila mwanamume anadhani kazaliwa nayo: "Njoo, njoo, njoo... kata! Kata kulia! Kata!" Dereva akakata usukani, sawasawa kabisa. Kijana wangu, aliyekuwa nyuma akishikilia kamba ya kuanikia nguo isinaswe, naye akasikia "kata". Alikuwa na kisu cha mama mkwe cha kumenyea tangawizi. Akakata. Sare kumi na moja za kwaya, ambazo mama yake alizishona kwa cherehani ya kuazima, zikashuka taratibu kwenye tope, na kichwa kikapita juu yake.

Nilipogeuka kumfokea ndipo niliposikia ardhi ikiguna.

Kichwa kitupu, bila tela wala mzigo, kina tani nane hivi. Mfuniko wa karo letu ulijengwa kwa kukisia uzito wa kuku na watoto. Tairi za nyuma za kushoto zikazama, kichwa kikainua pua juu kama ng'ombe anayenusa mvua, na harufu ikapanda. Sitaieleza.

"Umevunja karo!" nikapiga kelele.

Mkenya akashuka, kapigwa na butwaa. "Karo? Karo ya nani, mwalimu?"

"Langu! Karo la nyumba nzima!"

"Pole sana. Ni ya term ngapi?"

Nilidhani ananidhihaki. Ilibidi mke wangu atutenganishe, maana yeye ana wateja wa kutoka pande zote na anajua kwamba kwa Wakenya karo ni ada ya shule. Huyo bwana wa watu alikuwa amekwisha kutoa pochi, anahesabu, akiamini kwamba kwa namna asiyoielewa amewafukuzisha wanangu shule. Alipoonyeshwa kwa tochi karo lenyewe ni lipi, akairudisha pochi mfukoni polepole.

Mama mkwe alitoka wa mwisho, mwiko mkononi. Akakitazama kichwa, akatazama shimo. "Mimi mama yangu alinizaa 1973, reli ya Wachina ndiyo inafika mpakani hapa. Vichwa vya treni vimepita Tunduma umri wangu wote, na hakuna hata kimoja kilichovunja choo cha mtu." Akarudi jikoni kuzima moto.

Mgeni akalala kwenye shuka mpya. Kijana alilala mkekani, kwa amani ya mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi shemeji akafika, macho mekundu, karatasi za forodha mkononi. "Lakini niliwaambia kichwa," akasema, na kila mmoja wetu akamwitikia kwamba ndiyo, alituambia. Cherehani ilikuwa bado Mbeya. Kichwa cha ng'ombe hakikuwapo. Lori la jirani likaja na mnyororo, lakini kwanza ilibidi kuchimba na kupanga magogo chini ya tairi, kwa hiyo nikaenda kituoni kutafuta vijana. Nikapata watano wenye majembe. Mkubwa wao akazunguka uani akiwa amejiziba pua, akaangalia shimo, akaangalia tairi, akanirudia.

"Mwalimu, kazi hii ni elfu kumi na tano kwa kichwa."

"Kichwa kipi?" nikamuuliza.