Maradhi ya Mwalimu

Mwalimu mgeni akikawia katika ruhusa ya ugonjwa huko Garissa, wazazi ambao tangu awasili hawakupata wasaa hata wa kumwuliza jina la babaye hugeuka matabibu kwa ghafla: mmoja, akipuliza chai ya maziwa ya ngamia, hukata shauri kuwa ni malaria, mwenziwe husema ni hila, na wa tatu hutaka cheti chenye muhuri, ilhali daftari la mwanawe hajapata kulifunua.

Maradhi yenyewe, wallahi, si siri: ni hofu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, huko huko Garissa, na baadaye Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha wageni wengi kutoka Garissa, Wajir na Mandera, madarasa yakabaki na ubao tu. Wazazi walilalamika, na haki walikuwa nayo.

Lakini mwulize huyo mdai cheti kwa nini asimpeleke mwanawe Chuo cha Ualimu cha Garissa, kilicho papo hapo mjini, naye atakujibu kwa taadhima kwamba kijana, inshallah, anangojea kazi ya shirika la misaada katika kambi za wakimbizi za Dadaab.