Barua ya Wazi kwa Jumuiya Tukufu za Wanazuoni wa Ng'ambo

Kwa Waheshimiwa Marais, Makatibu na Wajumbe wa Mabaraza ya Jumuiya za Wanazuoni wa Ulaya na Amerika.

Napenda kuwaarifu ya kwamba ihsani zenu zimetufikia, na kwamba sisi tunaofundisha na kutafiti katika vyuo vya Afrika ya Mashariki tungalikuwa wakosefu wa adabu lau tungalizipokea kimya kimya, pasipo kueleza hadharani namna zilivyotufaa.

Kwanza ni uanachama wa bei nafuu. Mmeamua kwa huruma zenu kwamba mwanasayansi wa nchi maskini alipe ada pungufu, na akiisha kulipa apelekewe cheti, taarifa za karamu zenu za mwaka, na haki ya kumpigia kura mweka hazina ambaye hatamwona maishani mwake. Nami namjua bwana mmoja aliyekitundika cheti hicho katika maabara yake, juu kidogo ya mizani iliyoharibika, ambayo kipuri chake hakipatikani ila ng'ambo, na fungu la kununulia vipuri halimo katika orodha ya ihsani.

Kisha kuna nauli. Jumuiya moja, ambayo jina lake nalisitiri kwa heshima, ilinialika nikasome makala yangu mbele ya mkutano wake, ikanipa na msaada wa safari kwa sharti jepesi kabisa: nijilipie mwenyewe tikiti, hoteli na ada ya viza, na nikisharudi nyumbani nipeleke risiti asilia, nami nitarudishiwa fedha zangu baada ya siku 90. Mwenye uwezo wa kutanguliza fedha kiasi hicho hana haja ya kusaidiwa, na mwenye haja ya kusaidiwa hana cha kutanguliza. Kwa hiyo mfuko huo hukaa salama mwaka hata mwaka, usipungue senti, na wakaguzi wa hesabu bila shaka huusifu. Ama viza, najua mtasema hilo ni la serikali zenu wala si lenu, na ni kweli. Lakini wa kuchagua mji wa mkutano ni nani? Mwaka 2022 mkutano mkuu wa kimataifa wa Ukimwi ulifanyika Montreal, na wajumbe wengi wa Afrika, bara ambalo maradhi hayo yameliumiza kuliko mabara yote, walinyimwa viza au wakangoja majibu hata mkutano ukafungwa.

Walakini fadhila kubwa kuliko zote ni ya majarida. Tangu Philosophical Transactions ya Royal Society ya London ilipoanza kuchapishwa mwaka 1665, jarida limekuja kuwa nguzo ya hazina ya jumuiya nyingi, nalo ni biashara ya ajabu, kwa kuwa mwandishi aghalabu hutoa makala yake bure, mhakiki huihakiki bure, kisha maktaba ya chuo cha hao wawili huinunua. Siku hizi mmeugeuza mlango: msomaji na aingie bure, mwandishi ndiye alipe kiingilio. Jarida la Nature, ambalo ni mali ya kampuni wala si la jumuiya, lilitangaza mwaka 2020 ada ya euro 9,500 kwa makala moja. Za kwenu ni nafuu, nakiri, ila unafuu wenyewe umepimwa kwa mshahara wa London. Nasi mkatupa msamaha, kwa kufuata orodha ya mataifa na mapato yao. Orodha hizo tunaziheshimu, maana tuliona mwezi wa Januari 2011 jinsi baadhi ya wachapishaji walivyowaondolea watu wa Bangladesh majarida yapatayo 2,500 waliyokuwa wakiyasoma bure kwa mpango wa HINARI, ulioanzishwa chini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, na kelele zilipozidi wakayarudisha. Bei mmeiweka ninyi, mkaipunguza ninyi, na shukrani mnazitaka kwetu.

Wala msidhani hatujui msaada ulivyo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, alipokuwa akitengeneza aiskrimu aliona maziwa yaliyotiwa kwenye jokofu yangali moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa, na alipouliza baadaye akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu wake akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Baadaye Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa, na kijana yule akamwuliza swali lile lile huku wenziwe wakimcheka. Osborne alirudi Dar es Salaam, jambo likajaribiwa maabarani, na mwaka 1969 makala yao ikatoka katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia. Hakumpa punguzo wala cheti. Alilipima swali lake, akamweka mbele. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry iliahidi pauni 1,000 kwa atakayelieleza jambo hilo vizuri kuliko wote, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Kumbe swali la mtoto wa Kitanzania laweza kuwashughulisha wataalamu wa dunia karibu nusu karne! Leo, katika makala za huo mnaouita ushirikiano, majina yetu aghalabu hukaa katikati, penye safu ya waliochota maji na kukamata mbu.

Basi, waheshimiwa, kwa insafu yenu, punguzeni punguzo. Leteni kipuri cha mizani. Lipeni nauli kabla ya safari. Aliyeuliza swali, jina lake litangulie. Na mkutano wenu ujao ufanyeni Dodoma: barua za mwaliko tutawaandikia sisi, tikiti na hoteli mtajilipia wenyewe, na risiti mkizileta asilia mtarudishiwa fedha zenu baada ya siku 90, inshallah.

Ndimi mtiifu wenu,
Mwalimu wa fizikia, Dar es Salaam