Buku ni Deni

Dar es Salaam ukimwambia mtu "niazime buku", anakutolea noti ya shilingi elfu moja. Lubumbashi ukisema buku, unapewa kitabu. Kwa Wachewa wa hapa Dowa, buku ni kitabu vilevile. Mimi mzaliwa wa Uvira, niliyepitia Kigoma kabla ya kufika Malawi, nilizibeba maana zote mbili kichwani nikaona ni ishara: kitabu ni pesa. Nikafungua duka la vitabu Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Huu ni mwaka wa saba, na nimevumbua maana ya tatu ambayo hakuna kamusi iliyoiandika. Huku kwetu buku ni deni.

Duka lenyewe ni kibanda cha matofali ya udongo chenye mlango wa bati, juu ya kichuguu nilichokisawazisha kwa jembe la kuazima. Majirani wamelipa jina Capital Hill. Ile Capital Hill yenyewe iko Lilongwe, kilomita 40 na ushei kutoka hapa, ndiko ziliko wizara, maana makao makuu yalihama kutoka Zomba mwaka 1975. Yangu inafanana nayo kwa mambo mawili: iko mlimani na imejaa makaratasi. Tofauti ni kwamba kule mlangoni wamekaa walinzi, na huku wamekaa mchwa. Mwezi wa kwanza tu walikula nusu ya Kusadikika ya Shaaban Robert, tena walianzia nyuma, kama wanafunzi wanaotafuta majibu.

Hesabu yangu ya biashara ilikuwa safi. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi hivi. Leo tumepita 50,000. Nikasema, hata wakinunua mmoja kati ya kumi, vitabu 5,000, nitajenga nyumba ya bati jipya. Mama watoto aliniuliza swali moja tu: "Na hao kumi wote wakiamua kusoma kimoja?" Nikamwambia hajui biashara.

Watu wanadhani adui wa muuza vitabu ni simu. Simu naiweza, bando huisha. Adui yangu ni ubao wa matangazo. Siku orodha ya majina ya wanaokwenda nchi ya tatu inapobandikwa, njoo uone usomaji. Wazee ambao kwangu husingizia macho, pale wanasoma mistari mia tatu kwa kidole, wakifika chini wanarudi juu. Kina mama wanasomeana. Vijana wanapanda matofali. Mtu anasoma jina kwa jina, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, na akimaliza anakuuliza kama nyuma ya karatasi hakuna kitu. Hakuna riwaya yangu iliyowahi kusomwa hivyo. Basi usiniambie watu wa Dzaleka hawasomi. Wanasoma sana, ila mtu husoma pale anapotegemea kulikuta jina lake, na mimi sina kitabu chenye majina yao.

Kijana mmoja aliingia juzi, kavua kofia kwa adabu.

"Papa, una kitabu cha Canada?"

"Cha jiografia au historia?"

"Hapana, papa. Cha kwenda."

Nikamjibu kwamba kingekuwepo, yeye asingenikuta hapa.

Mzigo wenyewe kuupata ni shughuli. Kwenda Lilongwe nahitaji kibali, kisha nauli ya kabaza, yaani baiskeli ya abiria, mpaka barabara kuu, kisha minibasi ambayo haiondoki mpaka abiria wa mwisho apakatwe na wa kwanza. Mjini mabuku ya mitumba huyapata Old Town, mara nyingine yamechanganywa na kaunjika, yaani unainua suruali unakuta ensaiklopidia. Mengi yametoka Ulaya na Marekani, na walioyatoa walikuwa na haki ya kuyatoa. Nina mwongozo wa kuendesha gari kwenye theluji. Nina kitabu cha kompyuta za mwaka 1998. Mwaka 2023, serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, watu walishuka na magodoro, majokofu na mashine za cherehani. Bwana mmoja akashuka na magunia matatu ya vitabu, akaniuzia kwa kilo. Sikuwahi kununua Balzac kwa mizani ya maharagwe kabla ya siku ile.

Njiani kurudi hukosi kizuizi. Askari mmoja alifungua gunia langu kwa furaha ya mtu aliyenusa sukari ya magendo. Akatoa kamusi. Akatoa kitabu cha sarufi ya Kifaransa. Akanitazama kwa huruma ambayo sijaonyeshwa hata msibani. "Pitani, bambo," akasema taratibu, akanifungia gunia mwenyewe.

Vitabu vya Kiswahili ndivyo ghali, maana vinatoka Dar kwa basi, vinavuka mpaka wa Songwe, na kondakta anayeviangalia huvisoma kwanza. Najua kwa sababu hufika na kurasa zilizokunjwa masikio. Safari moja alinipigia simu kuniomba nimsubirishe siku mbili, amebakiza sura tatu.

Katika mzigo huo kulikuwa na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyeondoka kwao akiwa mkimbizi, akaja kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Nikakipanga mbele. Pasta wetu akapita, akaona jina, akakichukua kwa mkopo akisema kitamsaidia katika mahubiri. Wiki mbili baadaye akarudi, uso umekunjamana.

"Papa, humu hakuna malaika hata mmoja."

"Ni riwaya, Pasta."

"Nimesoma mpaka mwisho nikiwatafuta."

Alichokikuta humo ni habari za Yusuf, mtoto aliyechukuliwa na tajiri kwa sababu ya madeni ya baba yake. Pasta aliguswa. Amehubiri juu ya deni Jumapili tatu mfululizo, watu wakalia, mimi mwenyewe nikatoa sadaka. Kitabu hajakilipia mpaka leo.

Lakini aliyenimaliza ni mama wa mandasi, jirani yangu wa kushoto. Alikuja asubuhi moja ananyoosha kidole. "Papa, lile nene kwacha ngapi?" Lilikuwa riwaya ya mapenzi ya Kiingereza, halina jalada, halina hata jina. Nikasema 2,500. "Lina kurasa ngapi?" Moyo ukanidunda, miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kurasa. Nikamwambia 480. Akalishika, akalipapasa, akauliza: "Karatasi yake inanyonya mafuta?"

Nilimuuzia. Nina watoto wanne. Nikakaa ndani nisione.

Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili nikasikia makelele kwenye beseni lake. Mwanafunzi wa sekondari alikuwa anakataa mandasi. Siyo kwamba ni baridi au ni dogo. Lilikuwa limefungwa kwa ukurasa wa 57, na yeye anataka wa 41, maana jana aliachwa daktari anagonga mlango. Nyuma yake amesimama bibi harusi mtarajiwa mwenye wa 43 na 44, anakataa kubadilishana. Mwendesha kabaza mmoja alikuwa anawatafsiria wengine kwa Kiswahili huku anatafuna, na fundi baiskeli wa Kirundi anawatafsiria wenzake aliyotafsiriwa. Kufikia mwisho wa mwezi watu walikuwa wanapanga foleni alfajiri, na mama akalazimika kufunga mandasi kwa mfuatano. Unga ulikuwa unamwishia saa mbili asubuhi. Ni ile "itaendelea" ya hadithi za magazetini, ambayo zamani ilitukosesha usingizi mpaka Jumapili nyingine, sasa imekuja na sukari.

Mimi nimekaa hatua kumi kutoka pale, nina rafu nne za kurasa zilizoshonwa kwa mfuatano kiwandani, sina mteja. Riwaya ilipoisha, mama alikuja akiwa na khanga mpya. "Papa, una nyingine yenye fujo kama ile? Ila hii ya sasa iwe na herufi kubwa, wazee wananilalamikia."

Mteja wangu wa heshima ni agogo mmoja, babu wa kijiji cha jirani, Mmalawi, anayekuja na fimbo yake kila mwezi kununua chochote cha Kiingereza kilichochapishwa kabla ya mwaka 1980. Yeye ndiye hunikumbusha nilipokaa. Dzaleka hii ilikuwa gereza la kisiasa enzi za Kamuzu Banda, na jina lenyewe lina neno kuleka, yaani kuacha, ambalo Mrundi naye analisikia kama kureka la kwao: ukitoka hapa umeacha, hurudii tena. Tangu mwaka 1968 kulikuwa na sheria ya udhibiti, na vitabu vilikatazwa vingi. Mshairi Jack Mapanje alitoa diwani yake mwaka 1981, akaja kuwekwa kizuizini bila mashtaka kuanzia mwaka 1987 hadi 1991, katika gereza la Mikuyu. Na mwaka uleule wa 1981, Banda huyohuyo alifungua shule yake Kasungu, watoto wakafundishwa Kilatini na Kigiriki. Agogo husema: "Zamani ukisoma walikuleta Dzaleka. Sasa uko Dzaleka, soma basi!" Kisha anacheka peke yake, analipa taslimu, anaondoka. Namwombea maisha marefu kuliko ninavyojiombea mimi.

Nilijifunza kitu kwake. Kitabu kikilala rafuni, natangaza kwamba kimepigwa marufuku. Kwa Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, wala sikudanganya, kilikatazwa kweli mashuleni Tanzania. Kilitoka rafuni siku ileile. Kwa kuazimwa, naam.

Usiniulize habari za Tumaini, tamasha letu alilolianzisha mshairi Menes La Plume mwaka 2014. Siku hizo wageni hujaa kutoka Lilongwe na ng'ambo, wengine hulala kwenye nyumba zetu, ngoma usiku kucha. Kwenye duka langu wanaingia kwa makundi. Wanashangaa. "Duka la vitabu, kambini!" Wananishika bega, wanafungua kitabu, wanakitazama kwa mapenzi makubwa, wanapigwa picha, wanakirudisha. Kuna kitabu kimoja cha upasuaji wa ng'ombe kimepigwa picha na mataifa kumi na mawili.

Sasa nije kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ninalo, na mali imepotea, ila habari zake ninazo zote. Utengano ya Said Ahmed Mohamed iko Canada. Kamusi yangu nzuri kuliko zote iko Australia. Nusu ya rafu ya Kifaransa imehamia Marekani. Jina la mtu likitokea kwenye ubao, anauza kitanda, anagawa sufuria, analia na majirani, anaondoka, na kitabu changu kiko kwenye begi kati ya khanga na vyeti. Vitabu vyangu vimepata nchi ya tatu kabla yangu.

Huyo wa Utengano alikuwa mshonaji wa vitenje pale karibu na soko. Mwaka jana, saa nane ya usiku, simu ikalia ujumbe wa sauti. Nikajua ni msiba. Ni yeye, anaongea kwa kunong'ona watoto wasiamke, nyuma yake mashine inavuma, nadhani ya kupasha nyumba moto. "Papa Capital Hill, samahani, kitabu chako ninacho. Nimekisoma mara nne. Huku hakuna anayeniita jina langu vizuri, hata kazini wamelifupisha. Nikikifungua, naona wamo watu wanaoongea kama mimi." Kimya kidogo. "Una kingine?"

Nilikaa kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Nilikuwa nimetayarisha matusi ya miaka miwili, yakanikwama. Asubuhi nikafunga nakala nyingine ya Peponi kwenye gazeti, nikampa mtu aliyekuwa anasafiri wiki ile. Kwa mkopo. Mama watoto aliona, hakusema kitu, akaandika mwenyewe kwenye daftari.

Ndiyo nikagundua kwamba nina kitabu chenye majina ya watu, tena kinasomwa. Wanaopita dukani hawashiki riwaya, wanaomba wapekue daftari waone kama wamo. Wanasoma kwa kidole. Wakifika chini wanarudi juu. Basi nakwambia wewe uliyechukua Rosa Mistika ukisema unakwenda kuisoma mara moja tu: siku 1,461 kwa faini ya kwacha 50 kwa siku ni 73,050, na kitabu mimi nilikinunua 2,000. Faini nimekusamehe, lete kitabu. Duka liko wazi kuanzia saa mbili, ila mvua ikinyesha usije, paa linavuja. Daftari liko mezani. Jina lako limo, njoo ulisome.