Vidole Havisomi

"Baba, vidole vyako havisomi."

Binti wa dirishani hakusema kwa ubaya. Ila alisema kwa sauti, na foleni nzima ya mfuko wa hifadhi ya jamii, nilikokwenda kujiandikisha, ikainua shingo kumtazama mtu asiye na vidole. Nikaweka gumba tena. Kitaa cha kijani kikawaka, kikazima. Kidole cha shahada kikakataliwa. Cha kati hata hakikusikilizwa.

Foleni ya Dar es Salaam haina mtu asiye mtaalamu. Mmoja akaniambia nipanguse kwenye suruali. Mwingine akasema nifikiche pua, pua ina mafuta yake. Nikafikicha pua mbele ya watu wazima, mashine ikakataa. Mama mmoja akachomoka na kichupa: "Hebu lete mkono, baba." Akanipaka mafuta ya nazi hadi kiwikoni. Kioo cha mashine kikaingia ukungu, binti akakifuta huku akihema.

"Kwani baba unafanya kazi gani?"

"Seremala. Keko."

"Aah," akasema, kama daktari aliyeuona ugonjwa.

Ni msasa. Kabati hupigwa msasa namba 80, kisha 120, kisha 240 kabla ya kupakwa vanishi, na anayekagua kama mbao imelainika ni kidole. Mbao inalainika, kidole nacho kinalainika.

Tukawa tunamsubiri msimamizi. Binti akanipigia hesabu, na hapo aibu ikanitoka, maana ni hesabu tamu. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Mimi nina 51. Imebaki miezi 108. Ukifika 60 hujatimiza 180, unapewa mkupuo mmoja mnaagana. Halafu kuna kikokotoo, kile ambacho Rais Magufuli alikisimamisha Desemba 2018 baada ya kelele, kikarudi Julai 2022 na sura nyingine. Miezi uliyochangia unaigawa kwa 580, unazidisha kwa wastani wa mshahara wa miaka yako mitatu mizuri. Kwa nini 580 na si 600? Akasema ndivyo kompyuta ilivyo. Kwa hiyo wa miezi 180 hafikishi hata theluthi ya mshahara. Na sehemu ya pensheni ya mwaka unayoichukua kwa mkupuo huzidishwa kwa 12.5: ukiishi zaidi ya miaka 12 na nusu umepunjwa, ukifa mapema umewapiga wao.

"Mshahara wako shilingi ngapi, baba?"

Mshahara gani? Msimu wa harusi nauza vitanda. Januari watu wanalipa ada, hakuna anayekumbuka kabati. Aliyeajiriwa, mwajiri humchangia nusu au zaidi. Mimi nachangia upande wa mfanyakazi na upande wa mwajiri, na huyo mwajiri namfahamu vizuri, hana kitu.

Nikaitazama meza aliyoegemea. Mninga, maungio yamekaa sawasawa, kazi ya mtu wa vidole laini kama vyangu, ambaye sidhani kama kuna mfuko uliowahi kumfuata karakanani. Watu wa kodi walinipata. Wa leseni walinipata, hata nilipohamia uchochoroni. Hao hawakuwahi kuniomba kidole.

Msimamizi alipofika akajaribu cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kikasoma mara moja! Kidole ambacho maisha yake yote hakijashika kazi ndicho kilichoandikishwa kulipwa uzeeni.

Picha yangu ilirudishwa kwa kuwa nyuma ni nyeupe, wao wanataka bluu. Namba ya malipo ikaisha muda nikiwa kwa wakala. Fomu ya wategemezi mistari haikutosha.

Mchango wa kwanza nimeshalipa. Wa pili unamsubiri mteja wa kabati la milango mitatu, ambaye kila nikimpigia ananijibu, "Kesho, fundi."