Sifa za Intaneti Inayokatika

Ni nani mwingine awezaye kumnyamazisha mkurugenzi katikati ya neno, mdomo wazi, jicho moja limefumba, na asimwombe radhi? Si mkewe, si mwenyekiti wa bodi. Ni intaneti ya nyumbani tu, ikiamua kukatika. Kiumbe huyu ametukanwa hapa Riyadh kwa Kiarabu, kwa Kiurdu, kwa Kitagalogi na kwa Kiswahili cha kila pwani na kila bara, wala hajatokea mtu wa kumtetea. Nasimama mimi.

Nianze na wema wake kwa sisi tunaokaa Saudia tukala mshahara wa nyumbani. Mwenzangu anahudumia wateja wa kampuni ya Nairobi, mimi nahariri miswada ya watu wa Dar es Salaam, na saa ya Riyadh ni ileile ya Nairobi na Dar, haitofautiani hata kwa dakika. Mwenye bosi Toronto akitafutwa husema alikuwa amelala. Sisi tutasema nini? Tena tangu Juni 2013 wikiendi ya huku ni Ijumaa na Jumamosi, na ya kule ni Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo mwenye mguu huku na mguu kule hubakiwa na Jumamosi peke yake. Sasa fikiria Ijumaa saa tano na nusu. Ngazi nzima inanukia udi, majirani wanateremka na kanzu zilizopigwa pasi, na wewe umeitwa kwenye kikao cha bajeti. Mara picha inaganda. “Hatukusikii, tuendelee Jumatatu,” inaandika Nairobi. Kuna chama gani cha wafanyakazi kiliwahi kukupatia hayo?

Lakini fadhila yake kubwa ni uadilifu. Nyumba yenye watu wawili wanaofanyia kazi ndani ni mahakama isiyofungwa: huyu anaapa kwamba yule ndiye anayemaliza mtandao, na yule anamkumbusha huyu filamu ya jana. Intaneti ikikatika huwatoa wote wawili kwenye maneno na kuwaingiza kwenye ushahidi. Unafungua lile dirisha jeusi la kompyuta ya Windows, unaandika ping -t 192.168.1.1, au namba yoyote iliyobandikwa chini ya ruta yenu. Pembeni unafungua la pili, unaandika ping -t 8.8.8.8. Unayaacha yaende, watu waendelee na kazi zao. Ikikatika, tazama. La kwanza nalo likikwama, ugonjwa uko humohumo ndani. La kwanza likijibu vizuri na la pili limekufa, hapo una haki ya kuwapigia kampuni, na watakuambia uzime, usubiri, uwashe.

Mara nyingi linalokwama ni la kwanza. Na hapo ndipo nyumba inapojijua. Ruta imefichwa majlisi, nyuma ya televisheni, ili wageni wasione waya; kati yake na meza ya kazi pana kuta mbili za matofali ya saruji, na matundu ya ruta ya kupitishia hewa yamejaa lile vumbi laini la Riyadh ambalo halikubali dirisha wala pazia. Simu ya kijana inapandisha picha za harusi nzima kwenda kuhifadhiwa, na kikao cha mama kimepanga foleni nyuma ya picha hizo. Halafu kuna jikoni. Kila adhuhuri sauti ya mwenzangu ilikuwa ikikatika vipande: “Kwa hi… mteja… elfu…” Dakika mbili, inarudi. Kisha tena, dakika mbili. Tulilaumu joto, tukalaumu jirani wa juu, kumbe ni wali wa jana unapashwa moto. Maikrowevu hufanya kazi kwenye mawimbi ya gigahezi 2.45 hivi, na waifai ya kawaida iko palepale kwenye 2.4. Mteja wa Nairobi alikuwa akisikia chakula chetu cha mchana.

Ukihamia gigahezi 5 ili ulikwepe jiko, utajifunza adabu. Baadhi ya njia za mawimbi hayo ni za rada, za hali ya hewa na nyinginezo. Ruta ikihisi rada, au ikidhani imehisi, lazima inyamaze na kupisha, na ikitaka kuhamia njia nyingine ya namna hiyo, isikilize kwanza kwa dakika nzima. Nionyesheni dereva mmoja wa Barabara ya Mfalme Fahd mwenye staha hiyo.

Wala si mawimbi tu. Jeddah, shemeji yangu na mumewe wameajiriwa na kampuni moja. Akiingia mke kwenye VPN, njia ya siri ya kuingilia mtandao wa kazini, mume anatupwa nje. Akirudi mume, mke anatoka. Wamenuniana siku nyingi kwa hilo. Ni tabia ya VPN za zamani za L2TP/IPsec: watu wawili walio nyuma ya ruta moja, wakiendea seva ileile, huonekana huko kama mtu mmoja, na anayeingia nyuma humtoa wa mbele. Kwa hiyo VPN hiyo ni mashine pekee niliyowahi kuisikia iliyochukulia ndoa kwa uzito wake wote: nyinyi ni kitu kimoja, basi jibuni kwa zamu.

Na msidhani enzi yake inaishia sebuleni. Septemba 6, 2025, nyaya mbili za chini ya bahari, SMW4 na IMEWE, ziliharibika karibu na hiyohiyo Jeddah. Intaneti ikawa nzito Ghuba, India na Pakistani, na Microsoft ikawatangazia wateja wa Azure kwamba mawasiliano yanayopita Mashariki ya Kati yangechelewa. Mwaka mmoja na nusu hivi nyuma, Februari 2024, nyaya kadhaa zilikatika katika bahari hiyohiyo, ya Shamu, na ikashukiwa nanga ya Rubymar, meli iliyopigwa kombora na Wahouthi ikaelea ikiiburuza hadi ilipozama mwezi Machi. Mmojawapo ulikuwa wa Seacom, kampuni ileile iliyoleta waya wake Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Kwa hiyo mbele ya huyu ninayemsifu, bosi wa Nairobi, tajiri wa Microsoft na mimi mwenye ruta ya vumbi ni sawasawa.

Hapa nipunguze sauti kidogo. Wapo dada zetu wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi za ndani katika nyumba za miji hii, ambao waifai ya tajiri ndiyo njia yao ya kumwona mtoto usiku, kwa dakika chache, baada ya vyombo kuoshwa. Ikikatika kwao haipumzishi mtu wala haichekeshi, na neno la mwenye nyumba linatosha kuikata pasipo nanga. Hao sifa zangu haziwahusu.

Sisi wa mikutano tunayo dawa, na ni rahisi mno. Nenda madukani Batha, hapa Riyadh, nunua waya wa mtandao wa kutosha kutoka kwenye ruta hadi mezani, mmoja wako na mmoja wa mwenzako, upitishe chini ya zulia, na mazungumzo ya kuta, maikrowevu na rada yamekwisha jioni ileile. Ila ukishauchomeka, msomaji, usimwambie bosi wako. Ijumaa zinakuja.