Sifa za Majedwali Yasiyopatana

Wengine na wamsifu aliyeleta karasha, au mwenye duara aliyeugonga mwamba siku ya kwanza. Mimi naisifu rabsha inayozuka pale jedwali linaponakiliwa kwa SQL kwenda jingine, muundo wa rekodi ukagoma kulingana. Huku kwetu Segese, Msalala, hatujapata mtumishi mwenye msimamo kama huyu. Mpelekee kolamu nane mahali penye saba: hapokei, hata kama aliyekutuma ndiye mwenye leseni. Mashine za AS/400 za IBM, zilizotoka mwaka 1988, zilimpa ubawabu kabisa. Programu hubeba alama ya muundo wa faili kama ilivyoujua siku ilipotengenezwa. Ikikuta nakala yenye kolamu iliyorefushwa kidogo tu, faili halifunguki. Karani anakwenda kunywa chai kwa amri ya mashine.

Huyo, hata hivyo, ni kaka mkorofi. Wa kupigiwa ngoma ni mdogo wake, mpole, anayeharibu bila kelele.

Chukua mtambo wowote wa kuchenjulia marudio ya dhahabu huku kwetu. Jedwali la zamani la mizigo lina kolamu ya uzito, kisha ya usafi. Jipya limetanguliza usafi. Karani anaandika INSERT INTO na SELECT * yake, na kanzidata, ambayo hapo hufuata mpangilio wa kolamu wala haisomi majina yake, inapokea vyote. Namba ni namba. Mzigo wa gramu 38.6 wenye usafi wa asilimia 92 unaamka gramu 92 zenye usafi wa asilimia 38.6. Na tazameni uungwana wake: zidisha huku, zidisha kule, dhahabu halisi ni gramu 35.5! Hesabu za mwezi zinafunga. Mrabaha, uliopandishwa hadi asilimia 6 mwaka 2017, unatoka sawasawa. Anayepinga ni mzani peke yake, na mzani nani aliuuliza?

Nitajieni basi, toka Geita hadi Kahama, mwingine aliyezidisha uzito wa mzigo zaidi ya mara mbili bila zebaki, bila sayanaidi, bila hata kuchafua mikono.

Ukarimu wake hauishii hapo. Kolamu mpya ikiwa ya namba nzima, pointi ambazo watu hugombania mpaka usiku zinafutwa kimyakimya. Namba ya simu inapoteza sifuri ya mbele, na mdai hapatikani tena. Jedwali likiundwa kwa CREATE TABLE AS, ufunguo mkuu unabaki nyuma, mchimbaji mmoja anaingizwa mara mbili na kulipwa mara mbili; huyo hajawahi kulalamika.

Wapo wachoyo wanaoshauri kila kolamu itajwe kwa jina, halafu rekodi chache zilinganishwe na daftari la mzani kabla ya kunakili zote. Tukiwasikiliza, bosi hatafungua tena kasha asubuhi, akakodoa macho na kuuliza, “Ng’wanawane, gramu 92 ziko wapi?”